AC ya Mtumba au Mpya? Anza na Hesabu ya LUKU, Bei ya Dukani Itafuata

Tuseme joto la Januari la Dar limekushinda. Umetafuta hela, umepata, na sasa unataka AC ya chumbani. Unaingia Kariakoo. Duka la kwanza wanakuonyesha mpya ya BTU 12,000 kwa shilingi 1,250,000. Mtaa wa pili kuna jamaa ana ya BTU hizo hizo, iliyotumika, anataka 550,000. "Hii ni ya hotelini bosi, imetumika kidogo tu, gesi iko full." Unaiwasha, inapuliza baridi. Tofauti ni laki saba. Laki saba ni ada ya mtoto, ni kodi ya miezi kadhaa. Unafanyaje?

Jibu la haraka ambalo wengi tunapewa ni "mtumba ni hasara" au "mpya ni kupoteza hela". Yote mawili ni majibu ya nusu. Fizikia ya kiyoyozi inatupa jibu zuri zaidi, na halihitaji hesabu ngumu kuliko zile za darasa la saba. Nitatumia bei hizo za hapo juu kama mfano tu. Wewe weka bei ulizotajiwa.

AC haitengenezi baridi

Hapa ndo pa kuanzia, maana mengine yote yanatoka hapa. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka ndani na kulimwaga nje. Ukisimama karibu na ile mashine ya nje unapigwa na upepo wa moto: lile ni joto la chumbani kwako, pamoja na joto la umeme uliotumika kulibeba.

Mbebaji ni gesi iliyofungiwa kwenye mabomba ya shaba. Ujanja wake ni ule ule wa spiriti inapopakwa mkononi kabla ya sindano: inakauka haraka na mkono unahisi baridi, kwa sababu kimiminika kinapogeuka mvuke kinanyonya joto. Ndani ya AC, gesi inafika kwenye mashine ya ndani ikiwa kimiminika chenye presha ndogo, inageuka mvuke, inanyonya joto la hewa ya chumba. Kisha kompresa iliyoko nje inaibana. Ikibanwa inapata moto kuliko hata hewa ya nje, kwa hiyo inaweza kutoa joto lake huko nje, inarudi kuwa kimiminika, na safari inaanza upya.

Angalia jambo moja: hakuna mahali popote gesi inapotumika ikaisha. Siyo kama gesi ya jikoni. Inazunguka tu. Gesi iliyowekwa kiwandani inatakiwa ibaki humo maisha yote ya mashine. Fundi akikuambia "AC lazima ijazwe gesi kila mwaka", maana halisi ya maneno hayo ni kwamba AC yako inavuja na hakuna aliyeziba tundu. Shika hilo, tutalihitaji.

Namba moja ya kuijua: ufanisi

Kwa kuwa AC inabeba joto, haizalishi, inaweza kubeba joto jingi kuliko umeme inaokula. Uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti mbili, tatu, hata nne za joto. Uwiano huo ndio ufanisi wa mashine. Ukubwa wa ufanisi ndio unaotofautisha AC mbili zenye BTU sawa.

Unaweza kuukokotoa mwenyewe dukani. Kila AC ina kibati kilichobandikwa ubavuni. Tafuta BTU na tafuta wati za umeme inazokula. Gawa BTU kwa 3.4 upate wati za joto, halafu gawa jibu kwa wati za umeme. Mfano: 12,000 gawa kwa 3.4 ni kama 3,500. Kama kibati kinasema inakula wati 1,200, basi 3,500 gawa kwa 1,200 ni 2.9. Yaani kwa kila uniti ya umeme inahamisha uniti 2.9 za joto.

AC ya zamani isiyo na inverta mara nyingi iliondoka kiwandani ikiwa na 2.5 hadi 3. Mpya ya kawaida isiyo na inverta ni kama 3. Mpya nzuri ya inverta, ukichukua wastani wa usiku mzima, inaweza kufika 4 au kuzidi. Kwa nini inverta inashinda? Ya kawaida ina mwendo mmoja: inawaka kwa nguvu zote, chumba kikipoa inazima, kikipata joto inawaka tena. Ni kama kuendesha daladala kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho na kufunga breki, basi. Inverta inapunguza mwendo wa kompresa na kukaa kwenye kasi ndogo inayotosha. Kompresa ikienda polepole, koili zile zile zinabeba joto dogo zaidi, gesi haihitaji kubanwa sana, na ufanisi unapanda.

Lakini kibati ni cheti cha kuzaliwa tu. Hakikuambii afya ya leo. AC iliyofanya kazi miaka 10, koili zimejaa vumbi na gesi imepungua, inaweza kuwa imeshuka kutoka 2.7 hadi 2 au chini ya hapo, na bado ukisimama mbele yake unahisi baridi. Hapo ndipo wengi tunaponaswa: mkono unapima ubaridi wa upepo, haupimi bei ya upepo.

Hesabu yenyewe

Chukua chumba cha kulala ambacho, kwa wastani wa usiku wa joto, kinahitaji kuondolewa kilowati 2.4 za joto. Joto hilo linatoka kwenye kuta na paa lililochomwa na jua mchana kutwa, hewa inayopenya madirishani, unyevu, na ninyi wenyewe mliolala (mtu mmoja aliyelala anatoa joto la kama balbu ya wati 70 au 80). Unaiwasha AC saa nane kila usiku. Jumla ya joto la kubeba ni uniti 19.2 kwa usiku.

Kwenye LUKU, mteja wa kawaida wa TANESCO akinunua umeme wa elfu kumi anapata kama uniti 28, ukiacha kodi ya jengo. Hiyo ni kama shilingi 357 kwa uniti. Gawa 19.2 kwa ufanisi wa kila mashine, zidisha kwa usiku 30:

- Mtumba iliyochoka (ufanisi 2): uniti 288 kwa mwezi, kama shilingi 102,800.
- Mtumba nzima (ufanisi 2.5): uniti 230, kama shilingi 82,200.
- Mpya isiyo na inverta (ufanisi 3): uniti 192, kama shilingi 68,500.
- Mpya ya inverta (ufanisi 4): uniti 144, kama shilingi 51,400.

Kama uko Zanzibar, Mombasa au kwingineko, badilisha bei ya uniti; uniti zenyewe hazibadiliki.

Sasa rudi kwenye ile laki saba. Ukilinganisha mpya ya inverta na mtumba iliyochoka, tofauti ni zaidi ya shilingi 51,000 kila mwezi wa matumizi. Laki saba inarudi ndani ya miezi 14. Ukilinganisha na mtumba nzima, inarudi ndani ya miezi 23. Dar si kila mwezi unahitaji AC. Juni hadi Agosti wengi wanazima na kufungua madirisha. Tukisema unaitumia miezi minane kwa mwaka, laki saba inarudi chini ya miaka miwili kwa ile mbovu, na karibu miaka mitatu kwa ile nzima. Baada ya hapo, kila mwezi mwenye mtumba anaendelea kulipa na wewe unaendelea kuokoa.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo ambalo linaumiza nyumba nyingi bila kutarajiwa. Kama mita yako iko kwenye kundi la wateja wadogo, lile la D1 ambapo uniti 75 za mwanzo za mwezi zinauzwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, hakuna AC ya kila usiku itakayokuacha humo. Hata ile bora kabisa kwenye orodha yetu inakula uniti 144 peke yake. Kwa hiyo utalipia AC, na pia friji, taa na pasi ambazo zilikuwa zinakula umeme wa bei nafuu zitaanza kula wa bei kubwa. Hili lihesabu kabla ya kununua, iwe mpya au mtumba.

Saa ndizo zinazoamua

Sasa geuza hesabu kidogo. Tofauti kati ya mtumba nzima na inverta, kwa kila saa ambayo AC inafanya kazi, ni uniti 0.36. Kwa pesa ni kama shilingi 128 kwa saa. Kwa mtumba iliyochoka ni kama shilingi 214 kwa saa.

Hii ndiyo kanuni ya kubeba mfukoni: chukua tofauti ya bei za dukani, gawa kwa 128. Jibu ni idadi ya saa ambazo AC mpya ya inverta inahitaji kufanya kazi ili irudishe hela ya ziada uliyotoa. Kwa laki saba, ni kama saa 5,450.

Mtu anayelala na AC kila usiku wa joto anazifikisha saa hizo. Lakini tuseme unataka AC ya sebuleni, kwa ajili ya wageni Jumapili, saa tatu, mara nne kwa mwezi. Hizo ni saa 12 tu. Tofauti inakuwa kama shilingi 1,540 kwa mwezi. Laki saba itarudi baada ya miezi 454, yaani karibu miaka 38! Na hapo nimeipendelea inverta, maana kwenye matumizi mafupi muda mwingi inakuwa inakimbia kwa kasi kubwa kupooza chumba, haipati nafasi ya kutambaa polepole na kuonyesha ubingwa wake.

Kumbe mtumba si ujinga. Ni ujinga kwa mtu wa saa nyingi, na ni akili kwa mtu wa saa chache. Kwa sharti moja: iwe nzima kweli. Na kujua kama ni nzima ndio kazi yenyewe.

Mambo manne ambayo muuzaji wa mtumba hakwambii

*La kwanza ni aina ya gesi.* Soma kibati. Kama kimeandikwa R-22, simama kwanza. R-22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zote zimekubali kuiondoa. Kwa nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, ratiba ilitaka matumizi ya gesi za kundi hilo yapunguzwe kwa asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 iwe mwisho, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani hadi 2040. Maana yake kwako ni rahisi: unanunua mashine ambayo damu yake inazidi kuadimika. Ikivuja miaka michache ijayo, utahangaika kuipata, na utakayouziwa inaweza isiwe R-22 halisi.

Hapa kuna hatari ya kweli. Wapo mafundi wanaoweka gesi za jamii ya propani ndani ya AC iliyotengenezwa kwa R-22, kwa kuwa presha zinakaribiana na inapoza vizuri. Propani inawaka moto. Mashine zilizobuniwa kuitumia zina kiwango kidogo cha gesi na viunganishi vya umeme visivyotoa cheche karibu nayo. Ya zamani haina ulinzi huo, na inaning'inia juu ya kitanda. Usikubali.

*La pili ni umeme wa kule ilikotoka.* Umeme wetu ni volti 230, mzunguko wa hezi 50. Japani AC nyingi ndogo za nyumbani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja hapa umeshaiunguza. Kwa zinazokuja kutoka Ghuba, Oman na Falme za Kiarabu zinatumia hezi 50 kama sisi, lakini Saudia wanatumia hezi 60. Kompresa ya kawaida ya hezi 60 ikipewa hezi 50 inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake, kwa hiyo inabeba joto dogo zaidi, na mota yake inapata moto kupita kiasi. Itawaka siku unayoijaribu. Itakufa polepole baadaye. Kibati kinachofaa kiwe na "220–240V, 50Hz", au "50/60Hz".

*La tatu ni bahari.* Ile sentensi ya "ni ya hotelini" inabidi ikufanye uulize: hoteli ipi, ya ufukweni? Hewa ya bahari ina chumvi. Koili ya nje ni bomba la shaba lililovalishwa mabati membamba ya alumini, na metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja inaliwa. Inayoliwa ni alumini. Chungulia nyuma ya mashine ya nje: ukiona unga mweupe, au yale mabati membamba yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole, koili hiyo haiwezi tena kumwaga joto vizuri, hata kompresa ikiwa nzima. Hii inahusu Masaki, Kigamboni, Tanga, Unguja, Mombasa, pwani yote.

*La nne ni namna ilivyong'olewa.* Fundi makini kabla ya kung'oa AC anaifungia gesi yote ndani ya mashine ya nje kwa kufunga vali zake huku kompresa ikifanya kazi, halafu anaziba midomo ya mabomba. Fundi wa haraka anakata bomba, gesi inatoka "pssss", na midomo inabaki wazi wiki nzima stoo. Hewa yenye unyevu inaingia. Unyevu ukikutana na gesi na mafuta ya kompresa unatengeneza asidi, na asidi inakula nyaya za mota kutoka ndani. Mashine hiyo ikijazwa gesi itapoza, na haitadumu.

Ukiamua mtumba, ipime hivi kabla ya kulipa

Usinunue AC iliyoko sakafuni. Omba iwashwe, na iache ifanye kazi dakika 20 hadi 30.

1. Beba themomita ndogo, hata ile ya jikoni. Pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, kisha inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili njema. Siku ya unyevu mwingi inaweza kupungua kidogo, kwa kuwa sehemu ya nguvu inaishia kugeuza unyevu kuwa maji. Kwa hiyo angalia pia kama bomba la maji linatiririka.
2. Mwombe fundi mwenye ile mita ya kubana waya apime ampea, mlinganishe na kibati. Ampea zikizidi sana, koili ni chafu au kompresa imechoka. Zikiwa pungufu sana na upepo si wa baridi, gesi imepungua.
3. Angalia nati za mabomba. Mafuta ya kompresa huzunguka pamoja na gesi, kwa hiyo penye grisi yenye vumbi jeusi ndipo panapovuja.
4. Barafu kwenye bomba si dalili ya AC kali, kama wengine wanavyojisifia. Ni dalili ya gesi kupungua au kichungi kuziba.
5. Sikiliza kompresa inapoanza na inapozima. Kugonga na kutetemeka kwa nguvu si kuzuri.
6. Kama ni inverta iliyotumika, fungua kifuniko uone bodi ya umeme. Ikiwa na alama za kuunguzwa na kuchomelewa, jua bodi ikifa tena bei yake inaweza kula faida yote uliyopata.

Muuzaji akikataa kuiwasha, umeshapata jibu lako. Akikubali, mpe pole ya muda wake hata usiponunua.

Mpya nayo inaweza kuzeeka siku ya kwanza

Usije ukadhani ukilipa milioni na ushee umemaliza. AC mpya inakuja na gesi ndani ya mashine ya nje, lakini mabomba ya kuunganisha yana hewa. Hewa hiyo, pamoja na unyevu wake, inatakiwa ivutwe kwa pampu maalumu kwa muda wa kutosha, halafu mita ikae bila kupanda ili kuhakikisha hakuna tundu, ndipo gesi ifunguliwe. Mafundi wengi wanaruka hatua hii: wanafungua gesi kidogo isukume hewa itoke, wanakaza nati, "tayari bosi". Inafanya kazi, ndio. Ila umeingiza unyevu kwenye mashine mpya, na mafuta yanayotumika kwenye AC za kisasa yananyonya unyevu kuliko yale ya zamani. Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi swali moja: "Una pampu ya kuvuta hewa?" Mwambie aje nayo.

Halafu, ukubwa. Usinunue BTU 18,000 kwa chumba cha 9,000 ukidhani unajihami. Pwani joto ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni unyevu. Willis Carrier, yule mhandisi wa Marekani aliyebuni mfumo wa kwanza wa kiyoyozi cha kisasa mwaka 1902, alikuwa anatatua shida ya unyevu kwenye kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa. AC kubwa kupita kiasi isiyo na inverta inapooza hewa haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu. Unaishia na chumba cha baridi na shuka zenye unyevunyevu.

Na kabla ya AC yoyote, punguza mzigo. Dari chini ya bati, pazia nzito upande wa jua la jioni, mianya ya dirisha la vioo vya kupangana izibwe. Kila wati ya joto isiyoingia ni wati usiyolipia kuitoa. Pangaboi la wati 50 kwa saa nane linakula uniti 12 kwa mwezi, kama shilingi 4,300. Liwashe pamoja na AC iliyowekwa nyuzi 26 au 27. Upepo wake unaufanya mwili uhisi baridi zaidi, na AC inapumzika.

Gesi ikitoka, haipotei

Kuna mtu mwingine kwenye biashara hii ambaye hakai mezani: kila anayevuta hewa moja na sisi. Kilo moja ya R-22 ikiachiwa hewani inapasha dunia joto, kwa kipindi cha miaka 100, sawa na kilo 1,810 hivi za kaboni dioksidi. Hiyo ni sawa na kuchoma karibu lita 780 za petroli. R-410A iliyoifuata haigusi ozoni, lakini kwa joto ni mbaya zaidi kidogo, karibu 2,090. R-32, iliyoko kwenye AC nyingi mpya, ni 675. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali na kuongeza kwenye Itifaki ya Montreal makubaliano ya kupunguza gesi hizi za kizazi cha tatu pia. Ghana ilienda mbali zaidi: kwa kanuni ya 2008 ilipiga marufuku kuingiza friji na viyoyozi vilivyotumika.

Kwa hiyo ile "pssss" ya fundi wa haraka si sauti ndogo. Na AC inayovuja na kujazwa kila mwaka inakutoza mara tatu: hela ya gesi, uniti za ziada, na joto lile lile unalolikimbia.

Basi, uamue vipi?

Kama utalala nayo karibu kila usiku, au una mtoto mchanga au mzee ambaye joto linamtesa na AC itawaka mchana pia: nunua mpya ya inverta, yenye R-32, ukubwa unaolingana na chumba, na fundi mwenye pampu. Kama hela ya inverta haijatimia, mpya isiyo na inverta, au pangaboi na dari huku ukiendelea kudunduliza, ni bora kuliko mtumba ambayo huijui.

Kama ni ya saa chache kwa wiki: mtumba inaruhusiwa, ikiwa si ya R-22, kibati kinasema volti 230 na hezi 50, koili hazijaliwa na chumvi, na imefaulu ile nusu saa ya kupimwa mbele yako.

Na kama uko katikati, andika saa zako. Kwa wiki unaiwasha saa ngapi kweli, si saa ngapi unatamani? Zidisha kwa wiki za joto na kwa miaka unayotarajia kukaa nyumba hiyo. Gawa tofauti ya bei kwa 128. Namba ipi kubwa? Ya saa zako ikizidi, nenda dukani. Ikipungua, nenda kwa yule jamaa wa mtaa wa pili, na themomita yako mfukoni.